Madirisha ya benki yanapungua. Je, nikasomee programu?

Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 36, mama wa watoto wawili, na ni keshia katika tawi moja la benki hapa Mwanza. Nimekaa dirishani tangu nilipomaliza diploma ya uhasibu. Nilipoajiriwa tulikuwa na madirisha sita, na mwisho wa mwezi foleni ya walimu na wastaafu ilitoka nje hadi kwenye ngazi. Leo yanafanya kazi mawili. Watu wanatoa fedha kwa wakala mtaani kwao, umeme na ada wanalipia kwenye simu. Wanaobaki kwetu ni wafanyabiashara wa samaki na dagaa wenye mabulungutu yao, na wazee wasiomwamini wakala. Wenzangu wawili wamehamishiwa mauzo, kazi ya kuzunguka na fomu kutafuta watu wa kufungua akaunti, na kila mwezi una lengo la kufikisha. Mmoja ameshaacha. Meneja hajatuambia kitu, ila kwenye kikao cha mwisho alirudia maneno “kupunguza gharama za tawi” na hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza.

Sasa kuna chuo kidogo kimefunguliwa mjini, kinafundisha kutengeneza tovuti na programu za simu. Nimeenda kuulizia. Kuna darasa la mchana la miezi minne, Jumatatu hadi Ijumaa, na la jioni la miezi minane, siku tatu kwa wiki. Ada ni shilingi milioni 2.2 kwa lolote utakalochagua. Nikilipa nusu kabla ya mwezi huu kwisha napunguziwa laki tatu. Kijana aliyenipokea alisema asilimia 90 ya wanafunzi wao wanapata kazi. Ukutani kuna picha za wahitimu, karibu wote wavulana wa miaka ishirini na kitu.

Moyo wangu uko kwenye darasa la mchana. Jioni nikitoka kazini nimechoka, na hesabu zikigoma kufunga naweza kutoka saa mbili usiku, halafu kitinda mimba wangu ana miaka mitatu. Najua la jioni sitalimaliza. Lakini la mchana maana yake niache kazi.

Kuhusu fedha, kikoba chetu kinavunjwa Desemba na nitapata kama milioni tatu. Ile nusu ya ada ya kuwahi punguzo ningekopa SACCOS ya kazini. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, anaona milioni tatu hizo tufungulie kibanda cha uwakala wa benki na simu. “Kazi hiyo unaijua yote, kwa nini ukaanze moja na watoto wa juzi?” Hajakataa. Tunaongea vizuri tu, ila kila tukiongea tunaishia palepale.

Mdogo wangu wa kiume yuko Dar, anafanya kazi hiyohiyo ya programu. Nilitegemea anitie moyo. Akaniambia, “Dada, ungekuja miaka mitano nyuma. Sasa hivi akili mnemba inaandika programu yenyewe, hata sisi tunaogopa.” Kisha akanitumia video za kujifunzia bure. Niliangalia mbili, nikapitiwa na usingizi.

Hofu yangu nyingine ni kwamba hesabu kidato cha nne nilipata D. Kiingereza changu ni cha kazini, cha kujaza fomu na kusoma waraka. Kompyuta mpakato sina, kuna mtu ananiuzia iliyotumika kwa laki sita na nusu.

Si kwamba kompyuta siiwezi kabisa. Kwenye kikoba chetu cha wanawake mimi ndiye mweka hazina, na nilitengeneza jedwali la Excel: ukiingiza jina na kiasi linakuonyesha mtu anadaiwa shilingi ngapi, riba na faini ya kuchelewa, na tarehe ikipita jina linageuka jekundu. Daftari tumeliacha. Lakini hicho ni kitu kidogo, si programu.

Nilipe? Niache kazi? Au nimsikilize mume wangu?

Keshia, Mwanza

*

Marahaba, mdogo wangu.

Kwanza nikutoe wasiwasi mmoja ambao hukuuandika waziwazi. Madirisha yale hayakufungwa kwa sababu ninyi mlihudumia vibaya. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na mwaka 2013 Benki Kuu ikatoa mwongozo wa uwakala wa benki. Tangu hapo kila duka la vocha linaweza kuwa tawi. Umeliona jambo hili likija, tena kabla meneja hajalisema.

Swali ulilouliza ni kama ulipe ada. Nikiisoma barua yako naona mengine mawili ndani yake: uondoke benki lini, na je, kazi ya kuandika programu utaipenda? Chuo kimeyaunganisha yote matatu kwa sababu ya ratiba yake na punguzo lake la mwisho wa mwezi. Wewe hulazimiki kuyajibu kwa siku moja.

Nianze na kuondoka, maana hapo ndipo unaweza kupoteza kitu ambacho tayari ni chako. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri anayepunguza wafanyakazi anatakiwa kutoa taarifa, kueleza sababu na kushauriana nanyi kabla. Ukishatimiza mwaka kazini, akikupunguza anakulipa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Aliyefikisha miaka kumi anazungumzia zaidi ya mishahara miwili, na pengine mkataba wa hali bora wa benki yenu unatoa zaidi. NSSF nao wana fao la kukosa ajira. Ukiandika barua ya kuacha kwa hiari yako, kiinua mgongo hicho hukidai, na fao la NSSF halimhusu aliyejiuzulu. Ongea na mwakilishi wenu wa chama cha wafanyakazi akuonyeshe mkataba unasemaje, kabla hujamgusia meneja lolote.

Sisemi ukae usubiri kupunguzwa. Kusubiri nako kuna gharama. Unaweza kusubiri miaka mitatu, usipunguzwe, ukahamishiwa tu kwenye fomu na malengo hadi uchoke mwenyewe, na ukaondoka bila chochote ukiwa na miaka 39. Hilo nalo lipige hesabu. Na ukipiga, usihesabu miezi minne ya darasa peke yake. Hesabu minne, pamoja na muda wa kutafuta kazi baadaye, ambao hakuna anayeweza kukuahidi. Nyumba yenu inaweza kuishi kwa mshahara mmoja wa mwalimu kwa mwaka mzima? Huku makato ya SACCOS yanaendelea na wewe huna mshahara wa kukatwa? Mkopo huo ndio unaonitia wasiwasi kuliko ada yenyewe. Kwa punguzo la laki tatu unaingia deni la milioni moja kabla hujajua kama chuo kinafaa.

Tukifika kwenye chuo, ile asilimia 90 iulize maswali kama unavyoiuliza hundi yenye saini usiyoijua. Ni asilimia 90 ya wangapi? Ya walioanza au ya waliomaliza? Walipata kazi gani, na je, aliyeajiriwa na chuo hichohicho kufundisha wenzake naye amehesabiwa? Nakuambia hivi kwa sababu ya kisa kimoja kinachojulikana. Marekani kulikuwa na shule kubwa ya programu, Lambda School, ambayo baadaye ilibadili jina ikawa BloomTech. Ilitangaza kwamba kati ya asilimia 71 na 86 ya wanafunzi wake wanapata kazi. Mwaka 2024 mamlaka ya serikali inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha iliichukulia hatua, ikaeleza kwamba takwimu za ndani za shule yenyewe zilikuwa karibu na asilimia 50, na kwa baadhi ya makundi zilishuka hadi 30. Hiyo ni shule iliyokuwa chini ya sheria kali. Chuo chenu kinaweza kuwa kweli tupu, mimi sikijui. Omba namba za wahitimu watatu, mmoja wao awe mwanamke mwenye watoto. Uliza pia kama kimesajiliwa NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi.

Kuna jambo moja kuhusu ada ambalo vyuo havipendi kulisema: elimu ya programu ni kati ya vitu vilivyomwagwa bure duniani. Chuo Kikuu cha Harvard kina kozi yake ya mwanzo, CS50, mtandaoni, na unaweza kuisoma yote bila kulipa. Wiki ya kwanza hawakupi hata lugha ngumu, wanakupa Scratch, ambayo unapanga vipande kwa kuviburuta. freeCodeCamp, iliyoanza mwaka 2014, inakufundisha kutengeneza tovuti ndani ya kivinjari chako, nayo bure. Kwa hiyo ukilipa milioni 2.2, sehemu kubwa ya unachonunua si maarifa. Unanunua ratiba inayokutoa nyumbani, mtu wa kumuuliza ukikwama, wenzako wa kukaa nao, na meza yenye umeme na intaneti ambapo hakuna mtoto anayekuvuta sketi. Wapo watakaokuambia huo ni wizi. Mimi sioni hivyo. Kwa mama wa mtoto wa miaka mitatu, hivyo vitu vinne vinaweza kuwa na thamani kuliko maarifa yenyewe. Ila ni vizuri ujue ndivyo unavyonunua, kwa sababu huenda baadhi yake vikapatikana kwa njia nyingine: Jumamosi asubuhi mume akibaki na watoto, mdogo wako akikubali kupigiwa simu mara moja kwa wiki.

Ulipitiwa na usingizi kwenye video. Usijihukumu kwa hilo. Mtu aliyehesabu noti kutwa akiwekewa video usiku analala, hata kama video ni ya harusi yake. Isitoshe, kutazama mtu akiandika programu hakukuambii kama wewe utaipenda. Kazi yenyewe kwa sehemu kubwa ni kukwama. Umeandika mistari arobaini, mashine inakataa, nukta moja imekosekana mahali, na unakaa nayo saa nzima ukiitafuta. Wapo wanaoumwa kichwa kwa hali hiyo na wapo wanaosahau kula.

Na hapa nikuulize kitu. Hesabu zenu zikigoma kufunga saa moja usiku, ni nani pale tawini anayeitafuta tofauti? Nadhani unaijua ile mbinu ya makeshia: tofauti ikigawanyika kwa tisa, kagua kwanza kama kuna mtu aliyepindua tarakimu, akaandika 54,000 mahali pa 45,000. Kutafuta kosa kwenye programu ni kazi ya namna hiyohiyo, kurudi hatua kwa hatua hadi upate ilipoanzia. Ukiipata ile elfu tisa unajisikiaje? Unafurahi, au unashukuru tu kwamba sasa unaweza kwenda nyumbani? Jibu lako hapo lina uzito kuliko ile D ya kidato cha nne. Tovuti na programu za kawaida hazidai hesabu nyingi zaidi ya zile za kikoba. Zipo kazi za programu zinazodai hesabu nzito, kama kuunda hiyo akili mnemba yenyewe, lakini hazifundishwi katika miezi minne.

Kiingereza sitakidharau kama kikwazo. Maneno ya lugha za programu ni machache na utayazoea ndani ya wiki, lakini maelezo ya jinsi ya kuzitumia, na ujumbe wa makosa unaotokea kwenye skrini, karibu vyote ni Kiingereza. Mwanzo kitakuchosha. Aliyezoea kusoma waraka wa Benki Kuu hata hivyo hajaanzia sifuri.

Jedwali lako la Excel umelitaja mwishoni ukaliita kitu kidogo. Nimelirudia mara kadhaa kuliko sehemu nyingine ya barua. “Tarehe ikipita na deni halijalipwa, geuza jina jekundu” ni sharti, na masharti ya namna hiyo ndiyo yanayoendesha programu yoyote. Hukufundishwa na mtu, hukulipwa, na ulilimaliza. Wenzako wakaacha daftari. Sikuambii hilo linakufanya mtengeneza programu. Nasema tu kwamba ulipolieleza, maelezo yako yalikuwa na uhai ambao sikuuona ulipoeleza chuo. Ulipoeleza chuo uliniambia bei, ratiba na picha za ukutani. Hukuniambia hata kitu kimoja ambacho ungependa kukitengeneza. Labda hukuona haja ya kukitaja, labda hakipo bado.

Mdogo wako hajakudanganya. Hata kabla ya ChatGPT, ile programu ya akili mnemba, kutoka Novemba 2022, mlango wa wanaoanza ulikuwa umeshaanza kubana. Mwaka 2019 kampuni ya Andela, iliyokuwa ikiwafunza vijana wa Afrika na kuwaunganisha na kampuni za nje, iliwapunguza mamia ya watengeneza programu wachanga Nigeria, Uganda na Kenya, kwa sababu wateja walitaka wenye uzoefu. Sasa zile kazi rahisi alizopewa anayeanza, mashine inazifanya kwa dakika. Upande wa pili, mashine hiyohiyo inaweza kukueleza kosa lako saa nne usiku bila kukuona mzembe, jambo ambalo mdogo wako hakuwa nalo alipoanza. Nani atafaidika zaidi mwishoni, sidhani kuna anayejua, na mdogo wako anaogopa akiwa ndani ya chumba ambacho wewe bado unakitazama kwa dirishani.

Ila kuna kitu hajakifikiria. Unapofikiria programu unajiona ukishindana na wale wavulana wa ukutani. Hao hawajui mweka hazina anavyoteseka mwisho wa mwaka, wala floti inavyokwisha kwa wakala saa kumi jioni, wala kwa nini mfanyabiashara wa dagaa hataki fedha zake zionekane kwenye simu. Ndani ya benki yenyewe kuna kazi zilizo katikati ya dirisha na programu: usuluhishi wa miamala, usimamizi wa mawakala, huduma za kidijitali, uchunguzi wa udanganyifu, ripoti. Nyingi za hizo humhitaji mtu anayeijua fedha na anayeweza kuchota taarifa kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za kompyuta, kwa SQL, lugha iliyozaliwa kampuni ya IBM miaka ya 1970 na bado inatumika hadi leo. Haina mvuto wa programu za simu na hakuna atakayekubandika ukutani. Mtego wake ni kwamba kazi hizo mara nyingi ziko makao makuu, na kuhamia Dar na mume mwalimu wa Mwanza ni barua nyingine kabisa.

Sasa mume wako. Nimependa kwamba mnaongea vizuri. Swali lake, “kwa nini ukaanze moja,” linaweza kuwa kweli ni la uwakala, na linaweza kuwa ni hofu ya kubeba nyumba peke yake kwa muda asioujua. Je, umewahi kumwonyesha hesabu ya miezi hiyo kwenye karatasi? Huenda mnaishia palepale kwa sababu kila mmoja anabishana na kitu ambacho mwenzake hajakisema. Na uwakala wake nao usipewe msamaha. Kamisheni inategemea wingi wa miamala, milioni tatu ya floti inaweza kukwama yote upande wa simu huku wateja wanataka fedha mkononi, kuna matapeli wa simu, kuna usalama wa kufunga kibanda usiku. Wewe unawajua mawakala wanaokuja kuweka fedha dirishani kwako. Muulize mmoja unayemwamini, kwa faragha, mwezi wa kawaida anabaki na shilingi ngapi baada ya pango na msaidizi.

Kompyuta mpakato ndiyo pekee ninayoiona inaingia kwenye kila njia, iwe darasa, kikoba au kibanda, na ukibadili mawazo inauzika. Mwambie muuzaji aiwashe bila chaja uone betri inakaa muda gani, na angalia RAM, kumbukumbu inayotumia ikifanya kazi, isiwe chini ya GB 8.

Kati ya leo na Desemba kuna nafasi ya kujaribu kabla kikoba hakijavunjwa. Unaweza kuchukua lile jedwali lako ukajaribu kulifanya ukurasa ambao mwanachama anaufungua kwenye simu kuona deni lake. Utakwama, hilo nakuhakikishia. Kitakachokuambia jambo ni kama ulirudi Jumamosi iliyofuata bila kusukumwa, hata kama ukurasa wenyewe haujafunguka.

Na kabla ya kulipa chochote, rudi chuoni uombe kukaa nyuma ya darasa la jioni siku moja, bure. Chagua siku ambayo hesabu zimegoma na umechelewa kutoka, ukiwa umechoka kama ulivyoniambia huwa unachoka. Angalia mwalimu anafanya nini mwanafunzi akikwama, na kuna wanawake wangapi. Kisha niandikie ulichokiona, pamoja na jibu la ile elfu tisa.